Alishinda akiwa peke yake, akawa mwepesi zaidi alipofungwa kamba

Fanya jaribio dogo kabla hujaendelea kusoma. Simama mlangoni mwa chumba chako, funga macho, kisha tembea hadi dirishani. Chumba ni chako. Kitanda unajua kilipo, kiti unajua ulikiacha wapi. Lakini nakuhakikishia, hatua ya tatu au ya nne mikono itaanza kupapasa hewa na miguu itaburuta kama ya mzee. Hakuna aliyekwambia upunguze mwendo. Mwili wenyewe umekataa.

Sasa chukua hofu hiyo uipeleke uwanjani, mbele ya maelfu ya watu, uambiwe ukimbie kwa kasi ya zaidi ya kilomita 31 kwa saa. Huo ni mwendo wa bodaboda ikipita mtaani kwenu. Ndiyo kasi ya wastani ya Omara Durand wa Cuba mwaka 2016 jijini Rio de Janeiro, alipokamilisha mita 100 kwa sekunde 11.40 na kuweka rekodi ya dunia, huku macho yake yakimpa sehemu ndogo tu ya kile tunachoona wewe na mimi.

Huenda jina hilo hulijui. Wasee wengi hawalijui. Ukiulizwa mtimkaji aliyezoa dhahabu nyingi utataja Usain Bolt, na Bolt kweli ana nane za Olimpiki. Durand ana 11 za Paralimpiki, yaani Olimpiki ya watu wanaoishi na ulemavu. Alizipata katika makala manne mfululizo: mbili London 2012, tatu Rio 2016, tatu Tokyo na tatu Paris 2024. Kisha akastaafu.

Lakini sikuandika haya ili uhesabu nishani. Kuna jambo moja katika taaluma yake ambalo limenikaa kichwani. Dhahabu mbili za kwanza alizipata akikimbia peke yake, kama mtimkaji mwingine yeyote. Tisa zilizofuata alikimbia akiwa amefungwa kamba mkononi, mwanamume akiwa kando yake. Na alipofungwa kamba ndipo alipokuwa mwepesi zaidi.

Tuanze mwanzo. Durand alizaliwa Novemba 26, 1991 mjini Santiago de Cuba, mashariki mwa kisiwa hicho, akiwa tayari na mtoto wa jicho. Sisi tumezoea kusikia ugonjwa huo kwa mababu na nyanya zetu, mboni ikiwa imefunikwa na kitu kama wingu. Ila kuna watoto wanaozaliwa nao, na kwao madhara ni makubwa zaidi. Ubongo wa mtoto hujifunza kuona katika miaka ya mwanzo kabisa. Wingu lile lisipoondolewa mapema, ubongo unakosa masomo hayo, na hata jicho likifanyiwa upasuaji baadaye, uwezo wa kuona huenda usirudi wote.

Riadha aliianza akiwa mtoto wa shule. Mwaka 2007, akiwa na umri wa miaka 15, alikuwa ameshaanza kushinda katika michezo ya walemavu ya mabara ya Amerika. Mwaka uliofuata akaenda Beijing kwa Paralimpiki yake ya kwanza, akarudi nyumbani bila nishani.

London 2012 ilikuwa hadithi nyingine. Hapo Durand alikimbia katika kitengo cha T13. Usiogope hizo herufi na nambari, ni rahisi kuzielewa. T ni ya mbio. Nambari 11 ni ya wale wasioona kabisa au wanaoona kidogo mno, na lazima wavae kitambaa machoni ili wote wawe sawa. 12 ni ya wanaoona kidogo, na hao huchagua wenyewe kukimbia na mwelekezi au bila. 13 ni ya wenye uwezo mkubwa zaidi wa kuona miongoni mwa hao watatu, na hao hukimbia peke yao, leni moja, mtu mmoja. Akiwa T13, Durand alishinda mita 100 kwa sekunde 12 na mita 400 kwa 55.12. Alikuwa na miaka 20. Malkia tayari.

Angeweza kuishia hapo na bado tungemwita bingwa. Baada ya London alijifungua mtoto wa kike, na wapo waliodhani safari imefika mwisho, maana unajua jinsi watu wanavyopenda kumwandikia mwanamke tarehe ya kustaafu pindi anapobeba mimba. Aliporejea kwa kishindo mwaka 2015 alikuwa katika kitengo cha T12. Na kando yake alikuwepo Yuniol Kindelán.

Jiweke katika viatu vyake. Umeshinda dhahabu mbili kwa miguu yako mwenyewe. Hakuna aliyekushika. Halafu unaambiwa sasa unaruhusiwa msaidizi. Ukikubali, unakiri mbele ya ulimwengu kuwa macho yako hayatoshi. Ukikataa, unaendelea kukimbia kwa kubahatisha. Ni wangapi kati yetu tungekataa? Kuna watu darasani wanakaa nyuma, ubao hawauoni, na hawatavaa miwani kwa sababu ya kuchekwa. Kuna wengine wanapanda matatu ambayo si yao kwa kuona haya kumuuliza jirani imeandikwa nambari gani. Durand alichukua kamba.

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo penye utamu wa habari.

Watu wengi hudhani mwelekezi humvuta mwanariadha kama mtu anayeongoza ng'ombe. Sivyo kabisa. Akimvuta, wanaondolewa mashindanoni wote wawili. Akimsukuma, vilevile. Akivuka utepe mbele ya mwanariadha wake hata kwa kifua, basi, kazi yote imekwenda bure. Na wakiwa kwenye vibao vya kuanzia, mwelekezi akitoka kabla ya bastola kulia, kosa ni la wote. Kwa hivyo mwelekezi ni mtu anayepaswa kuwa na kasi ya kumshinda mwenzake, kisha asimshinde kamwe.

Halafu kuna suala la mikono. Tuseme mwelekezi yuko upande wake wa kulia, na kamba fupi imeunganisha mkono wa kulia wa mwanariadha na wa kushoto wa mwelekezi. Mikono hiyo miwili haina budi kwenda mbele pamoja na kurudi nyuma pamoja. Na kwa kuwa binadamu tukikimbia mkono na mguu hupishana, ina maana mguu wa kushoto wa mmoja na mguu wa kulia wa mwingine lazima vitue chini kwa wakati uleule. Ni kama mtu anayekimbia kando ya kioo. Mwanamume mwenye hatua ndefu anazifupisha ziwe sawa na za mwanamke aliye kando yake, na afanye hivyo bila kufikiri, kwa sababu katika mita 100 hakuna muda wa kufikiri. Hatua moja ikipishana, kamba inakaza, bega linageuka, na mbio zimeharibika.

Juu ya hayo yote, mwelekezi anaongea. Wewe jaribu kutimka mita 200 huku unaongea! Anamwambia kona inaanza, kona imekwisha, zimebaki mita kadhaa, sasa jitupe kifua. Ndiyo maana kabla ya bastola mashabiki huombwa wanyamaze kabisa. Makelele unayoyasikia Kasarani wakati Ferdinand Omanyala anachuchumaa kwenye kibao, pale yangekuwa ni sawa na kumfunika mtu macho mara ya pili.

Kila wawili hupewa leni mbili, kwa hivyo uwanja wa leni nane hubeba wanariadha wanne tu katika fainali ya namna hiyo. Mtu anayebisha atakwambia hapo hapo: basi dhahabu ya kushindania wanne ni rahisi. Hoja hiyo nimeisikia, na si ya kupuuzwa. Ni kweli ushindani katika vitengo hivi haufanani na wa Olimpiki, ambako karibu kila nchi ina mtu wake. Lakini saa haijui mko wangapi. Durand alipokimbia mita 400 Rio kwa sekunde 51.77, rekodi nyingine ya dunia, saa ilihesabu kama inavyohesabu kwa mtu yeyote. Na jaribu kutafuta marafiki zako wa kiume wanaoona vizuri kabisa, umpate atakayemaliza mzunguko mmoja wa uwanja kwa muda huo. Nakutakia kila la heri.

Sasa linganisha. London, akiwa peke yake: sekunde 12 na 55.12. Rio, akiwa na Kindelán: 11.40 na 51.77. Katika mita 100, Omara wa Rio angemwacha Omara wa London kwa mita tano hivi. Katika mita 400 angemwacha kwa karibu mita 25, umbali wa mabasi mawili yaliyopangwa moja nyuma ya jingine. Sitakudanganya kwamba yote yalitokana na kamba. Miaka minne ilikuwa imepita, alikuwa amekomaa, na kocha wake Miriam Ferrer si mtu wa mchezo. Lakini fikiria ulivyotembea chumbani kwako ukiwa umefumba macho. Mtu asiyeona vizuri huku akikimbia peke yake hulipa ushuru wa hofu katika kila hatua. Anajibana kidogo kwenye kona, anatafuta mstari, anauliza miguu yake kama bado yuko ndani ya leni. Ushuru huo ukiondolewa, kasi iliyokuwa imefungiwa ndani inatoka.

Haya mambo ya kamba kwetu Kenya si mageni. Waulize wakubwa kuhusu Henry Wanyoike. Alipoteza uwezo wa kuona mwaka 1995, kijana wa miaka ishirini hivi, baada ya kupatwa na kiharusi. Miaka mitano baadaye alikuwa Sydney akiongoza fainali ya mita 5,000. Tatizo ni kwamba mwelekezi wake, John Kibue, alikuwa mgonjwa na nguvu zilimwishia njiani. Utepe ulikuwa karibu, mwelekezi anazimia, na kipofu ndiye akawa anamkokota mwenye macho! Wanyoike alivuka na kutwaa dhahabu. Kasi yake ilikuwa imempita mtu wa kumwelekeza. Baadaye alipata mwelekezi anayemudu mwendo wake, Joseph Kibunja, na mwaka 2004 jijini Athens wakarudi na dhahabu za mita 5,000 na 10,000.

Kwa hivyo kamba inaweza kukuangusha pia. London 2012, mwaka uleule Durand aliposhinda peke yake, Terezinha Guilhermina wa Brazil alikuwa katika fainali ya mita 400 mwelekezi wake, Guilherme Santana, alipoanguka. Guilhermina angefanya nini? Alijilaza chini kwenye tatani, kando yake. Siku iliyofuata wawili hao wakatwaa dhahabu ya mita 100. Na Paris 2024, Elena Congost wa Uhispania alikuwa anamaliza marathon katika nafasi ya tatu, mwelekezi wake akabanwa na misuli hatua chache kabla ya mwisho. Congost akaachilia kamba kwa muda mfupi kumsaidia asianguke. Siku hiyohiyo waamuzi wakamwondoa kwenye matokeo, kwani sheria inasema kamba haiachiliwi hadi uvuke. Mimi bado naona walikuwa wakali kupita kiasi, lakini sheria ndiyo hiyo.

(Kwa wale mnaopenda mambo ya mapenzi: huko Tokyo mwelekezi wa mkimbiaji Keula Semedo wa Cape Verde alipiga goti palepale uwanjani baada ya mbio zao za mita 200 na kumvisha pete ya uchumba. Walikuwa wametolewa kwenye mchujo. Dada alikubali. Tuendelee.)

Ukizijua hatari hizo ndipo unapoelewa uzito wa walichofanya Durand na Kindelán. Rio, Tokyo, Paris: michezo mitatu, mbio tatu kila mara, mita 100, 200 na 400. Kila mbio ina mchujo kabla ya fainali. Kila mara vibao vilevile, kamba ileile, bastola ileile, na nafasi ileile ya mmoja kukosea na kumharibia mwingine. Tokyo, mashindano yaliyoahirishwa kwa mwaka mzima kwa sababu ya korona na kufanyika 2021 katika uwanja usio na mashabiki, walikimbia mita 200 kwa 23.02, rekodi nyingine mpya ya dunia. Durand alikuwa na umri wa miaka 29, mama wa mtoto, na alikuwa anakimbia kona hiyo kwa kasi zaidi ya alivyowahi kuikimbia maishani.

Paris alifika akiwa na miaka 32. Kasi ilikuwa imepungua, hilo tuseme wazi. Mita 100 alizishinda kwa 11.81, mbali na ile 11.40 ya Rio. Ila wapinzani bado hawakumfikia. Alianza na mita 400, akaja 100, na Septemba 7, 2024 akafunga na mita 200, dhahabu ya 11. Hapo wakavua kamba.

Nimebaki nikimfikiria Kindelán kuliko nilivyotarajia. Mwelekezi hupanda jukwaani na huvishwa nishani, na hilo ni haki. Lakini rekodi haiandikwi kwa jina lake, na kazi yake ikifanyika vizuri kabisa, hakuna anayemtazama. Miaka yote hiyo mwanamume mwenye kasi alijizuia nusu hatua nyuma ya mtu mwingine kwenye utepe.

Na hapo ndipo nataka kukuuliza wewe unayesoma, hasa kama ulikuwa mtimkaji shuleni. Kenya tunasifika kwa mbio za masafa ya kati na marefu, hata upande wa wasioona: Tokyo, Nancy Chelangat Koech na mwelekezi wake Geoffrey Rotich walituletea shaba ya mita 1,500. Kwa mbio fupi, tuna vijana wengi waliokimbia mita 100 kwa sekunde 11 na nukta kidogo katika mashindano ya shule, wakaambiwa hawatafika kwa Omanyala, na ni kweli hawatafika. Wakatundika spaiki. Piga hesabu: anayetaka kumwelekeza msichana wa kukimbia 11.40 anahitaji kuwa na 11 mfukoni, aikimbie bila kuhema, huku anaongea. Anayetaka kumwelekeza msichana wa sekunde 13, anayeanza tu, anahitaji hata kidogo zaidi ya hapo: 12 na nusu, subira, na saa sita zisizobadilika kila wiki.

Kama una shule ya wasioona karibu nawe, nenda umuulize mwalimu wa michezo kama kuna mwanafunzi anayependa kutimka na hana wa kukimbia naye. Kamba unaweza kutengeneza kwa uzi wa kiatu. Mwanzo msitimke. Tembeeni kwanza mzunguko mmoja mkiwa mmefungana mikono, mpaka miguu ianze kutua pamoja.